Fataki za Mzee Isidoros

Argiro hupanga sanduku la mumewe mapema, wiki nzima kabla ya safari. Safari hii mumewe Leonis, baharia, alikuwa anakwenda kufanya kazi kwenye meli ya petroli, na meli ingepita bahari yenye maharamia. Chini ya soksi mkono wa Argiro ukagusa kitu kigumu. Fataki! Tena zile kubwa ambazo sisi watu wa mji wa Vrontados tunarushiana, kanisa kwa kanisa, usiku wa Pasaka.

"Baba! Ni wewe?"

"Ni mimi," akajibu Mzee Isidoros, baba yake Leonis, bila haya. "Babu zetu waliwatimua maharamia kwa mizinga. Mwanangu aende mikono mitupu?"

"Kwenye petroli, baba? Unataka kuwachoma maharamia au kumchoma mwanao?"

Mzee akanuna.

Jioni hiyo chama cha mabaharia kilikuwa kinajadili kanuni za kulinda meli. Argiro akamkokota mkwewe mpaka ukumbini. Jirani yao Markela, aliyewahi kuwa nahodha, akazieleza. Baharia asibebe silaha. Meli izungushiwe seng'enge. Maharamia wakionekana, meli iongeze mwendo na kuomba msaada kwa redio. Wakikaribia kupanda, wote wajifungie katika chumba imara.

"Mwanamume wa Vrontados ajifungie kama kuku?" akafoka Mzee Isidoros akisimama. Watu wakacheka.

"Mzee wangu, maharamia wanataka nini?" akauliza Markela.

"Meli."

"Wanataka watu. Wakimshika mmoja tu, manowari inayokuja kuokoa haithubutu kuwasogelea. Shujaa wako akibaki nje, ndiye watakayemshika."

"Na walinzi wa kukodi wenye bunduki?" mtu akauliza.

"Wawe na kibali, na wamtii nahodha."

Mzee alikuwa bado amesimama. Argiro akamshika mkono.

"Baba, mimi sihitaji shujaa. Namtaka mume wangu."

Mzee akakaa. Kura zilipopigwa, mkono wake ulichelewa, lakini uliinuka. Chama kikazipeleka kanuni kwa wenye meli, nao wakazikubali.

Meli ilipokwisha kuvuka bahari ile, Leonis alipiga simu kutoka bandari ya mbali. "Mashua mbili za maharamia zilitufukuza. Tukaongeza mwendo, tukaita msaada, tukajifungia. Walishindwa kupanda wakarudi. Sote wazima!"

Mzee akampokonya Argiro simu. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Chumbani, baba. Nilijificha."

Mzee Isidoros alilia waziwazi, mbele ya mkwewe.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Jifiche hivyo hivyo mpaka ufike nyumbani."