Mama Aliyegeuka Kwenye Kanda

Siku ya kwanza Nassibu alipoionyesha ile kanda, wachimbaji hawakupiga kelele. Hilo peke yake lilimshangaza. Banda lake la video pale Masumbwe lilizoea miluzi na matusi. Watu walitoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na vumbi lao wakitaka ngumi na nyimbo za Kihindi. Mchana ule walikaa kimya kama waliofika matangani.

Nassibu aliachiwa kanda hiyo na Mzungu mmoja mzee, mchimba visima vya maji, aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa sanduku zima la sinema za Ulaya za zamani, zisizo na rangi, ambazo miaka hiyo ya themanini zilikuwa zimeanza kutolewa upya kwenye kanda ili watu wazitazame majumbani.

"Hizi si za kukimbizana," Mzungu alimwambia. "Ni za kutazama taratibu."

Katika kanda ile, mwanamke wa gauni jeusi alikaa kando ya kitanda kitupu, amewapa watazamaji mgongo. Dirishani theluji ilianguka. Hakusema neno mpaka mwisho.

"Tuwekee tena yule mama," Jilala aliomba kesho yake. Alikuwa mchimbaji wa Kisukuma, mpole, ambaye mdogo wake alifukiwa na duara wakati wa masika na hakutolewa. Sinema ilipokwisha alimfuata Nassibu mlangoni.

"Baba Zamoyoni, jana alitupa mgongo, sivyo?"

"Ndiyo."

"Leo nimeona shavu lake."

"Kanda haibadiliki, Jilala."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza."

Nassibu alicheka. Lakini alipoinama kuitoa kanda kwenye deki, harufu ilimpiga puani, harufu ya udongo mbichi, wa kaburi linalochimbwa, na ilikuwa kiangazi.

Mkewe Mwahija hakuwa na desturi ya kuingia bandani. Tangu binti yao Zamoyoni alipofia juu ya lori la pamba, wakimkimbiza hospitali Kolandoto, alikuwa haingii popote penye watu. Siku iliyofuata Nassibu alimkuta kwenye benchi la mbele.

"Mama Zamoyoni, unafanya nini hapa?"

"Shh! Anambembeleza. Utamwamsha."

Nassibu alitazama. Kitanda kilikuwa kitupu vilevile, ila yule mwanamke alikuwa amegeuka kabisa, na uso wake ulikuwa laini kama yai, hauna pua wala mdomo, macho tu ndiyo yalikuwa mahali pake, yakiwapitia watu mmoja mmoja kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na kila aliyefikiwa na macho hayo alitabasamu na kunong'ona jina la marehemu wake.

Kesho yake, jua likiwa utosini, Jilala aliteremka kwenye lile duara la mdogo wake bila kamba. Waliokuwa juu walimsikia akizungumza chini, akicheka na mtu. Kisha udongo ukajifunga juu yake.

Nassibu alichoma sanduku lote moto. Mwahija hakumzuia. Alirudi bandani, akakaa mbele ya televisheni iliyozimwa.

Sheikh Akida aliletwa kutoka Kahama, mtu aliyesifika kwa kutoa majini. Alifukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikakauka. Ndipo Mwahija akajibu, kwa sauti nzito isiyo yake.

"Mnanifukuza? Nimefunguliwa mlango."

"Nani kakufungulia?"

"Kila mwenye kidonda."

"Sema unachotaka! Mbuzi? Kuku? Ubani?"

"Mimi sitaki kitu. Wao ndio wanataka."

Sheikh alifunga kitabu. Nje, jasho likimtiririka, alimshika Nassibu mkono.

"Jini mwenye haja hutolewa kwa haja yake," alisema polepole. "Huyu hana. Ondoka hapa, mwanangu. Leo."

"Na mke wangu?"

Sheikh alitazama chini. "Ondoka."

Nassibu hakuondoka. Aligawa televisheni na deki, na Mwahija akaendelea kukaa akiutazama ukuta mtupu, akikataa chakula, akikonda mpaka khanga ikawa inamwanguka. Alasiri moja Nassibu alikuwa ameketi kando yake na bakuli la uji, akimsihi anywe japo funda moja, mara harufu ya udongo ikajaa banda, uji ukapoa mkononi mwake papo hapo, na begani akahisi mkono mdogo, wenye joto la homa.

"Baba," sauti ikasema, "sogea nikae."

Alijua kwamba alimzika Zamoyoni kwa mikono yake, alijua Sheikh alimwambia nini, alijua kwamba mlango ulikuwa wazi nyuma yake na kwamba nje kulikuwa na jua, na wanawake wakisalimiana njiani, na maisha ya watu wengine yakiendelea.

Akaweka bakuli chini. Akasogea.