Gunia Halizuii Unyevu

Kila jua lilipotoka, Nahayo alitandaza turubai mbele ya nyumba yake katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi. Juu yake alimwaga makopa, yaani mihogo iliyomenywa, ikalowekwa mpaka uchungu ukaisha, kisha ikakatwa vipande. Vipande vilipokauka alivitwanga kwenye kinu, akauchekecha unga na kuujaza katika magunia. Mumewe, Ndikuriyo, aliupeleka jijini Lilongwe. Huko, katika mtaa wa Chilinde, Mrundi mwenzao aitwaye Épitace alikuwa na duka. Wateja wake walikuwa Warundi, Wanyarwanda na Wazairi waliochoka kula nsima, ugali wa mahindi wa Malawi, kila siku. Walitaka ugali wa muhogo.

Kiangazi cha mwaka 1995 kazi ilikwenda vizuri. Gunia lilifika dukani, na kabla ya juma kwisha lilikuwa tupu. Kisha mvua zikaanza.

Mvua zilibadili mambo. Ndikuriyo alikuwa akifyatua matofali Kauma, kando ya Lilongwe, lakini tofali bichi halikauki mvuani, na kazi ikasimama. Barabara ya kutoka kambini hadi kwenye lami ikawa tope. Gari halikupatikana kila siku. Ilibidi unga mwingi upelekwe kwa pamoja, ukae dukani ukisubiri wateja. Kambi iligawa mahindi na maharage. Sabuni, chumvi, mafuta na daftari za binti yao, Irakiza, sasa vilitoka kwenye unga tu.

Siku moja Ndikuriyo alirudi akiwa nyuma ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, amekumbatia gunia lililojaa.

"Mbona umerudi nalo?" Nahayo aliuliza.

"Lifungue kwanza."

Nahayo alilifungua. Harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu ilimpiga usoni. Unga ulikuwa umeshikana mabonge. Pembeni, ulipogusana na gunia, ulikuwa na madoa ya kijani.

"Épitace amesemaje?"

"Amesema mteja alimrudishia unga mbele ya watu. Akamwambia, 'We Épitace, siku hizi unatuuzia udongo wa kuta?' Watu wakacheka."

"Basi? Hatutaki tena?"

"Amekubali mzigo mmoja. Mmoja tu. Atauweka stoo, na tutaufungua pamoja. Ukiwa hivi, atanunua unga kwa watu wa Nkhotakota, kule ziwani."

Nahayo aliligeuza gunia, akalitazama mshono hadi mshono. Halikuwa na tundu. Lilikuwa gunia jeupe, la nyuzi ngumu zilizofumwa, la aina iliyoleta mahindi ya msaada. Kule Burundi mama yake aliweka unga katika kikapu darini, juu ya jiko, na moshi ukaukausha kila siku. Hapa hapakuwa na dari, na watu wote kambini waliyaamini magunia haya.

"Gunia hili limevuka bahari," alisema. "Litashindwaje na mvua ya Dowa?"

Alichukua chekecheo akaanza kutoa mabonge. Alitaka kuuanika tena, aone kitakachosalia.

Wakati huo jirani yao, Amissi, alikuwa akipita. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Kindu, nchini Zaire. Kule msituni, ambako mvua hazina msimu, alikuwa ameuza chumvi na maziwa ya unga kwa miaka mingi.

"Mama Irakiza, we unachekecha nini pale? Ile si bunga tena. Iko mboga!" Kwao unga huitwa bunga.

"Papa Amissi, usinicheke. Natoa mabonge, halafu nitauanika."

Amissi aliinama, akanusa. Kicheko kikafutika usoni mwake. "Mi sicheki, mama. Tupa."

"Nitupe gunia zima?"

"Lote. Jua itakausha maji, ile ni kweli. Lakini sumu ya kuvu haitoke na jua. Haitoke na chekecheo. Hata moto ya kupika haiimalize. Na usipatie mbuzi wala kuku."

Nahayo alimtazama mumewe. Ndikuriyo alichukua jembe. Walichimba shimo nyuma ya nyumba wakaufukia unga wote. Nahayo alikanyaga udongo wa juu mpaka ukashikamana.

Amissi alikuwa bado amesimama, gunia jingine tupu, safi, mkononi. Alimpa Ndikuriyo. "Weka mudomo hapa, Papa Irakiza. Puliza. We mama, weka mukono upande ule."

Ndikuriyo alipuliza. Nahayo alihisi pumzi kiganjani, ya moto na yenye unyevu.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Sasa kama pumzi ya huyu inapita, hewa ya mvua itapiga hodi?"

"Lakini mahindi hukaa humu humu," Nahayo alibisha.

"Mahindi iko punje nzima, na inakauka mbele ya kuingia. Hata yenyewe ukiiweka pa maji, inaoza. Bunga iko kama vumbi. Inanywa maji ya hewa mbio. Hii saki kazi yake ni kubeba, isipasuke njiani. Kuzuia maji si kazi yake. Inaomba nguo ya ndani."

Ndikuriyo alicheka. Nahayo hakucheka. "Nguo gani?"

"Plastike. Ya muzito."

"Kumbe ni rahisi," Ndikuriyo alisema. "Kauma kuna mifuko ya mbolea. Ndani ina plastiki nene kabisa. Naiokota bure, tunaiosha."

"Mbolea!" Amissi alipiga makofi. "Unataka bantu bale mbolea? Ile dawa inabakia ndani ya plastike hata ukiosha na sabuni ya mwezi muzima. Mufuko wa bunga uwe mupya, wa chakula. Uwe muzito, usiwe na tundu. Na uwe murefu kupita saki, upate shingo ya kufunga."

Gari lilipopatikana, Nahayo alikwenda Chilinde mwenyewe. Alizunguka nyuma ya soko ili Épitace asimwone. Hakuwa na jibu la kumpa bado.

Muuza mifuko, mwanamke aliyewahi kuishi Mbeya, alimwonyesha kwanza mifuko myepesi ya kubebea nyanya. "Valisha miwili miwili, mayi. Inatosha," alisema, akimwita mama kwa Kichewa.

Nahayo alisukuma kidole. Plastiki ilinyooka, ikapasuka. Alitikisa kichwa. Muuzaji akatoa mikubwa, mipya, minene kiasi kwamba ilikunjika kwa shida. Nahayo aliujaza mmoja upepo, akaushika shingo, akaukandamiza karibu na shavu. Hakuhisi kitu. Wa pili ulitoa upepo mwembamba kwenye mshono. Akaurudisha, akachukua mwingine, akaujaza pia.

"Mayi, unanunua mfuko au mpira wa kuchezea?"

"Nanunua mfuko. Zikomo," Nahayo alishukuru.

Mvua ilinyesha mfululizo, kisha jua likatoka. Habari zikaja kwamba lori moja lingekwenda Lilongwe kesho yake. Nahayo alitwanga kwa haraka. Mchana jua lilikuwa kali, na unga ulikuwa wa moto mikononi. Hilo lilimfurahisha. Alifikiri joto lingekaa ndani na kuulinda unga, kama moshi wa jiko la mama yake ulivyofanya. Akaujaza papo hapo katika mifuko ya plastiki, akaifunga, akaitia kwenye magunia.

Asubuhi alifungua gunia moja ili atazame tu. Ndani ya plastiki, upande wa juu, palikuwa na matone ya maji.

"Ndikuriyo! Inavuja!"

Waliutoa mfuko nje. Plastiki ilikuwa kavu kwa nje. Hakukuwa na tundu. Nahayo alikimbia kwa Amissi, kanga ikimponyoka begani.

Amissi alikuja, akatazama matone. "Ulifunga saa ngapi?"

"Mchana, jua likiwa kali. Nilitaka uingie na joto lake."

"Ah, mama. Umefungia jua pamoja na maji yake."

"Maji gani? Ulikuwa mkavu!"

"Tutaona. Leta kosete zilizobaki. Leta na chumvi kavu, na chupa kavu yenye kifuniko."

Kosete ndivyo alivyoyaita makopa. Nahayo aliikaanga chumvi kidogo mpaka ikawa kavu kabisa, akaiacha ipoe. Wakaitia chupani pamoja na makopa yaliyovunjwavunjwa. Amissi alitikisa chupa kwa muda, akaiweka chini itulie. Walipotazama, punje za chumvi zilikuwa zimenata kwenye kioo.

"Ingekuwa makavu, chumvi ingeanguka chini yote," Amissi alisema. "Hii imenata. Maji ingali ndani. Jua imeyasukuma kutoka kwa bunga, yakabaki kwa hewa ya mufuko. Baridi ilipokuja, yakawa matone. Plastike haijue adui na rafiki, mama. Maji ya inje inabakia inje. Maji ya ndani inabakia ndani."

Mbali, upande wa barabara, lori lilipiga honi.

"Tupeleke hivyo hivyo," Ndikuriyo alisema kwa sauti ya chini. "Tufute matone. Hatujui lori jingine litakuja lini. Épitace anangoja."

Nahayo aliuchukua unga wa juu, akaunusa. Haukuwa na harufu bado. Hakika dukani ungepokelewa. Épitace angetia mkono, asingeona kitu, na wangepakua na kushukuriana. Lakini ungekaa stoo, na maji yake ndani.

"Hapana," alisema. "Lori liende."

"Mama Irakiza..."

"Amesema mzigo mmoja, Ndikuriyo. Nafasi hiyo siipotezi kwa unga huu."

Honi ililia tena, kisha mlio wa injini ukafifia. Ndikuriyo alipiga teke tofali, akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Baadaye alirudi, akashika upande wa pili wa turubai, wakaumwaga unga pamoja.

Sasa Nahayo hakuwa na haraka, ingawa hofu ilikuwa nyingi zaidi. Unga uliokuwa umelowa karibu na matone aliutenga, akautupa. Uliosalia aliuanika safu nyembamba, akaugeuza mara kwa mara. Wingu lilipotokea, aliuingiza ndani. Makopa yaliyobaki aliyaanika mpaka yakakatika kwa mlio mkavu, na chumvi ya chupani ikaanguka chini yote bila kunata, ndipo akayatwanga. Unga ulipotoka juani aliuweka kivulini, umefunikwa kitambaa safi, mpaka ukawa baridi mkononi. Ndipo alipoujaza, kabla hewa ya jioni haijaanza kuwa na unyevu. Alikandamiza mfuko kutoa hewa, akasokota shingo yake, akaikunja, akaifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Nje akavalisha gunia.

"Gunia libebe," alimwambia mumewe, "plastiki izuie."

Lori jingine lilipatikana. Ndikuriyo alipanda na magunia, pamoja na mbao chache. Katika stoo ya Épitace aliziweka mbao juu ya matofali, mbali na ukuta, akapanga magunia hapo. Sakafu ya saruji nayo hupitisha unyevu, Amissi alikuwa amewaonya.

Kisha mvua ikanyesha. Ilinyesha mpaka kuta za nyumba zikawa baridi na zenye majimaji ukizigusa. Nahayo aliiona chumvi aliyoisahau katika sahani. Ilikuwa imegeuka maji. Alikaa akiitazama, na mawazo yake yote yalikuwa Chilinde. Kama mfuko ulitoboka lorini? Kama panya? Ndikuriyo alimwambia asiitese roho yake. Yeye mwenyewe hakuwa akimaliza chakula chake.

Siku ya kufungua ilipofika, walikwenda wote wawili. Stoo ilinuka unyevu. Sanduku la sabuni lililokuwa sakafuni lilikuwa limelowa chini. Épitace hakuwasalimia kwa maneno mengi.

"Haya. Tuone udongo wenu."

Alifungua gunia la chini kabisa, si la juu. Nahayo alilitambua jambo hilo, akaona ni haki. Épitace alitegua mpira, akafungua shingo ya plastiki, akatia mkono hadi kwenye kiwiko. Kisha akatoa konzi ya unga, akaifungua ngumi. Unga uliteleza kati ya vidole vyake kama maji, mweupe, bila bonge hata moja. Akanusa. Akamwita mkewe.

"Dévote! Weka sufuria motoni."

Dévote alisonga ugali pale pale nyuma ya duka. Épitace alimega tonge, akalila kavu, bila mboga. Akamega la pili.

"Huu ni ugali," alisema.

Nahayo aliketi juu ya kreti tupu. Lakini alipotazama tena stoo, alinyanyuka haraka. Épitace alikuwa ameliacha gunia wazi, mdomo umelegea, akielekea mbele kumhudumia mteja.

"Papa Épitace, rudi."

"Nini tena?"

"Huliachi wazi. Hewa inaingia. Kila ukichota, toa upepo, sokota, kunja, funga. Tumia kikombe kikavu, si mkono. Na usifungue la pili kabla la kwanza halijaisha."

Épitace alimtazama Ndikuriyo. "Mkeo amekuwa bwana stoo?"

"Msikilize tu," Ndikuriyo alisema. "Mimi alinikosesha lori."

Épitace alisokota shingo ya mfuko, akaikunja, akaifunga. Nahayo alivuta mpira kuona kama umekaza. Ulikuwa umekaza.

"Mzigo mwingine mtaleta lini?" Épitace aliuliza. "Keshokutwa kuna gari la kwenda kwenu."

Nahayo alichungulia nje. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye bati, na mbingu ya Lilongwe ilikuwa nzito.

"Keshokutwa hapana," alisema. "Unga utakapokauka."