Nyuma ya Bango

Foleni ya tiketi pale stesheni ilikuwa haisogei, na watu walishaanza kusonya. Mchapaji alikuwa anapapasa mifuko kutafuta chenji aliposikia sauti ya kike nyuma yake, kwa lafudhi ya nyumbani kabisa, lafudhi ambayo alikuwa hajaisikia kwa miezi katika mitaa ya ugenini.

"Kaka, wewe umeshapigia wapi kura? Uchaguzi wa kwetu si bado wiki tatu?"

Akageuka. Msichana mrefu, gauni la njano, koti la kuazima linampwaya mabegani, nywele zimesukwa mistari myembamba mpaka kisogoni. Alikuwa anakiangalia kidole cha shahada cha mchapaji, cheusi kwa wino.

"Huu wa kazini, dada. Tunachapa kalenda. Hautoki hata kwa mafuta ya taa."

"Aa, basi. Nilitaka nikukimbie."

Hakumkimbia. Alikuwa msusi, saluni yake mtaa wa pili kutoka hapo, na ndiko watu wa nchi yao waliowakimbia wanajeshi walikokuwa wakipangia maandamano. Kaka yake mkubwa alikuwa gerezani tangu jenerali ashike nchi. Wiki haikwisha, mchapaji akawa anapita saluni kila jioni akisingizia kunyoa.

"Utanyoa nini tena, Wino? Umebaki ngozi."

"Basi nipake mafuta."

Wino ndilo jina alilompa, nalo likamkaa. Ukimwona anavyotabasamu kwenye kiti kile, kichwa kinang'aa, ungesema ndiye mtu mwenye raha kuliko wote mjini.

Uongo mtupu. Hazikuwa kalenda. Siku mbili kabla ya stesheni bosi wake alileta kazi mpya, akafunga mlango wa karakana: karatasi za kura, za kwao huko huko. Mchapaji aliinua ya kwanza kutoka mashineni, bado ina joto. Jenerali juu, na kwenye kisanduku chake tiki imeshachapwa. Wagombea wengine wawili, visanduku vitupu.

"Bosi, hii imeshapigwa."

"Wewe unachapa au unasoma?" bosi alisema taratibu. "Hebu nikumbushe, kibali chako cha kazi kinaisha lini?"

Akachapa. Alichapa siku nane, na kila jioni akaenda kushikwa mkono na mwanamke mwenye kaka gerezani. Chakula kilimshinda. Mara tatu alifungua kinywa aseme, akamwona anavyocheka, akameza.

Halafu msusi akaomba karatasi za mabango. "Wino wangu, si mnatupa nyingi?" Zilizokuwepo ni zile zilizoharibika za kazi ile ile, kubwa, hazijakatwa, kura sita kwenye kila moja. Mchapaji akazibandika mbili mbili, uso kwa uso, upande mweupe nje, akampelekea. Alijidanganya kwamba anasaidia.

Siku ya maandamano mvua ikawakuta mbele ya ubalozi. Msusi alikuwa mstari wa mbele, sauti imekauka, bango juu: HUU SI UCHAGUZI, na mchapaji ubavuni pake akiimba na wenzake. Gundi ikalegea. Bango likafunguka mikononi mwake, na majenerali kumi na wawili wakamkodolea macho, kila mmoja na tiki yake.

"Wino. Hii umeitoa wapi?"

"Nimeichapa mimi."

"Na tiki?"

"Ilikuja hivyo hivyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kabla ya stesheni."

Hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Aliikunja ile karatasi, akaiingiza ndani ya koti, akaondoka.

Siku nne simu iliita bila kupokelewa. Siku ya tano, asubuhi, ikapokelewa.

"Mpenzi."

"Usiniite hivyo."

"Sikuwa upande wao. Niliogopa."

"Nani haogopi? Mama yangu anaogopa, na kesho wanajeshi watampeleka kituo cha kura kwa lori. Atapewa karatasi yako." Akapenga kamasi. "Waandishi wanasema hii niliyonayo tumeitengeneza wenyewe saluni. Wanamtaka aliyeichapa. Saa tisa wanakuja ubalozini."

"Nikisema, nafukuzwa nchi hii. Kibali anacho bosi."

"Najua. Ndiyo maana sijakuomba."

Akakata.

Saa tisa mchapaji alikuwa mbele ya ubalozi, ovaroli bado mwilini. Kamera zikamgeukia.

"Nimezichapa mimi," alisema. "Tiki inatoka pamoja na picha. Mashine niliiwasha kwa mkono huu, halafu nikaja kusimama nanyi hapa na kuimba. Sina la kujitetea."

Mtu akasema, msaliti. Akaitikia kwa kichwa. Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa, akaona ni bosi, akaizima.

Watu wakapisha njia. Msusi alikuja na gauni lile la njano, akamshika kidole, akakikagua kama anayetafuta mwiba.

"Bado hautoki?"

"Hautoki."

"Na mimi sijakusamehe."

"Najua."

"Kesho mama atapewa ile karatasi, Wino."

"Najua."

Macho yalikuwa yamemjaa machozi, lakini kidole hakukiachia. Kwapani alikuwa na bango jipya la kitambaa, refu, la kushikwa na watu wawili. Akampa ncha moja.

"Shika huku," alisema. "Inua zaidi. Wakuone."