Kamata, Achia Taratibu

Klachi ilikufa bila kuaga, pikipiki ikishuka ukingo wa mto mkavu. Fundi alibana mkono wa klachi, nao ukalala mpaka mwisho kama hauna mwenyewe. Tairi la mbele likazama mchangani, injini ikazima kwa kishindo, na pikipiki ikawabwaga wote wawili. Mama mkwe wake aliangukia mkoba, salama salimini. Yeye aliangukia mkono wa kushoto.

"Mama, umeumia?"

"Nimekula mchanga tu. Wewe je?"

"Mkono, mama. Nadhani umevunjika."

Yeye alikuwa fundi wa pikipiki, mama alikuwa fundi wa cherehani. Asubuhi ile simu ilikuwa imeingia kutoka zahanati iliyo ng'ambo ya nyika: mke wa Fundi ameanza uchungu, mimba ya kwanza, na analia anamtaka mama yake. Mama alishamwahidi bintiye kwamba siku hiyo itakapofika, atamshika mkono mwanzo mpaka mwisho. Basi hawakungoja basi. Waliamua kuikata nyika isiyo na nyumba wala mbuzi, na sasa wameketi katikati yake, chupa moja ya maji imepasuka, nyingine ina nusu, na simu hazishiki mtandao.

Mama alitoa rula yake ya kupimia nguo, akaulaza mkono wa mkwe juu yake, akauzungushia kitambaa. Fundi aliuma meno, jasho likamtoka puani.

"Lia tu, mwanangu. Hapa nani anakuona?"

"Wewe, mama."

"Mimi nimezaa watano. Kilio hakinitishi."

Alimpa maji kwa kifuniko cha chupa. Zamu yake ilipofika, alilowesha midomo tu, akafunga chupa. Fundi aliliona hilo, akasema, "Mama, kunywa." Mama akajifanya kiziwi.

"Tuisukume basi, iwake," alisema mama.

"Kwenye lami ingewezekana. Humu mchangani, kila nikiingiza gia itazima. Bila klachi hatutoki."

Akapiga magoti kuichunguza. Klachi ya pikipiki hii haikuwa ya waya, ilikuwa ya mafuta. Ukibana mkono, mafuta yanasukumwa kwenye paipu hadi ubavuni mwa injini, na hapo ndipo klachi inapoachia. Alifungua kikopo kidogo cha kwenye usukani: kikavu. Akafuata paipu kwa kidole mpaka chini, akakuta mahali inapofungwa kwenye injini bolti imelegea, na mafuta yote yamechuruzika njiani. Paipu yenyewe ilikuwa imevutwa pembeni na ukanda wa kitambaa.

Fundi akaurudisha ukanda taratibu, kama hajauona.

Hapa inabidi niseme kuhusu mkoba. Tangu aoe, Fundi hakuwahi kukaa na mama huyu hata kwenye benchi moja. Sasa pikipiki ina kiti kimoja tu, ufanyeje? Mama aliuweka mkoba wa nguo za mtoto katikati yao, mnene kama mtu wa tatu, akaufunga kwa ukanda, mafundo juu ya mafundo, mpaka chini kwenye injini. Heshima ilikaa vizuri sana. Paipu ndiyo iliyoteseka.

"Ni ukanda wangu, siyo?"

"Ni mashimo ya njiani, mama."

"Usinidanganye. Fundo langu nalijua." Machozi yakamjaa. "Nimeogopa mgongo wa mwanangu mwenyewe, ona sasa nilipotufikisha."

"Hapana, mama. Kazi ya kukagua ni yangu. Nilikuona ukifunga, nikaona haya kusogea." Akacheka kidogo, kisha mkono ukamkumbusha. "Tumeponzwa na adabu."

Mama akashika spana mwenyewe. Fundi alimwelekeza, naye akaikaza bolti mpaka ikagoma. Tatizo likabaki mafuta.

"Ya breki hayafai?"

"Yanakula raba za ndani. Hii inataka mafuta mepesi, masafi, kama..." Akatikisa kichwa. "Tutayapata wapi huku?"

Mama akamtazama. Akauvuta mkoba, akachimba chini ya vikofia na soksi, akatoa kichupa chenye mdomo mrefu mwembamba.

"Ya cherehani je? Mimi sisafiri bila haya."

Fundi alikidaka, akatia tone kwenye vidole, akalisugua. "Mama wee!" alipiga kelele, mpaka ndege wakaruka kichakani. "Mama wee!"

Lakini mafuta peke yake hayatoshi. Hewa ikibaki kwenye paipu, mkono wa klachi unabaki laini kama uji. Mama akatoa tena mkobani bomba dogo lisilo na sindano, la kumpa mtoto dawa, na kampira kake. Wakailegeza skrubu ya kutolea hewa, kule chini kwenye injini, wakakachomeka hapo, mama akayasukuma mafuta kutoka chini kwenda juu, polepole. Kule kwenye kikopo yakaanza kutoka mapovu. Makubwa, madogo, kisha hakuna. Skrubu ikafungwa. Mama akabana mkono wa klachi, ukalegea. Akabana tena na tena, na mwishowe ukamkazia kiganjani.

"Umekuwa mgumu!"

"Ndio uzima huo, mama."

Ikabaki shida moja. Klachi hukamatwa kwa mkono wa kushoto, na wa Fundi ulikuwa umefungwa kwenye rula. Mtu wa nyuma angeweza kuufikia usukani, lakini kwa kumkumbatia wa mbele, kifua kwa mgongo. Fundi alielewa, akainama kutazama mchanga.

"Mficha uchi hazai," alisema mama, akaufunga mkoba nyuma kabisa, kwenye keria. "Panda."

Wakapanda. Mkono wa mama ukapita chini ya kwapa la mkwe, ukashika.

"Kamata!" Gia ikaingia. "Achia... taratibu, mama, usiachie kwa pupa..."

Mara ya kwanza ilizima. Mara ya pili wakaanguka, Fundi akalia kwa sauti na hakuona haya. Mara ya tatu tairi likauma, mchanga ukaruka, wakapanda ukingo wa pili wakipiga kelele kama watoto. Nyika yote iliyobaki ilikuwa kamata, achia, kamata, achia. Maumivu yalipomzidi Fundi, aliegemea nyuma, naye mama akambeba kwa kifua chake.

Jua lilikuwa linazama walipofika zahanati. Muuguzi alimvuta mama ndani, vumbi na yote. Fundi akaachwa kwenye benchi la nje, mkono ukingoja kutibiwa, roho ikiwa juu. Nyuma ya ukuta mke wake alikuwa akilia, "Mama, siwezi! Siwezi tena!"

Kisha akaisikia sauti ya mama mkwe, imekauka kwa kiu, haina haraka:

"Nimefika, mwanangu. Mkono wangu huu hapa. Kamata... Haya, achia. Taratibu. Usiachie kwa pupa."

Fundi akafunika uso kwa mkono wake mzima, akalia. Alikuwa bado analia mtoto naye alipoanza.