Beji Iliyolala Kwenye Droo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikunywa chai na mama yake. Jina hilo alipewa na mama kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa muuguzi katika chumba cha moyo, ambako daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka ufike moyoni, huku mashine ya eksirei ikimwonyesha njia.

Asubuhi moja mama alimimina chai nje ya kikombe. Chai ikatambaa mezani, naye akaendelea kumimina.

"Mama, unamwaga."

"Macho yamechoka tu, mwanangu."

Chiriku akafungua droo kutafuta kitambaa. Chini ya vijiko akaona beji ya plastiki yenye jina la mama. Aliijua. Ilikuwa ya kupima mionzi inayompata mfanyakazi.

"Umesahau beji yako."

Mama aliirudisha beji chini ya vijiko. "Sijaisahau. Ikisoma juu, watanitoa chumbani. Tumebaki wauguzi wawili tu, na wagonjwa wamejaa mpaka kwenye korido. Usimwambie mtu. Umenielewa?"

"Ndiyo, mama."

Siku hiyo alikuwa kimya darasani, hata rafiki zake wakamuuliza kama jino linamuuma.

Alasiri alipita hospitali kumsubiri mama, kama kawaida. Alikaa kwenye benchi, mkabala na mlango mzito. Juu ya mlango palikuwa na taa nyekundu iliyowaka kila mionzi ilipotoka. Taa ikawaka. Chiriku akaanza kuhesabu. Alifika mia mbili, bado haijazimika. Mionzi haikuwa na sauti wala harufu. Na mama alikuwa humo ndani.

Mpimaji wa mionzi, bwana mrefu mwenye faili kwapani, akasimama mbele yake.

"Shikamoo," Chiriku alisema.

"Marahaba. Wewe si binti wa muuguzi? Kila mwezi anapoileta tuipime, beji ya mama yako inasoma kama ya mtu aliye likizo. Huwa anaivaa?"

"Anaivaa kila siku."

"Haya, vizuri." Akaandika kitu, akaenda zake.

Taa ilizimika, ikawaka tena. Chiriku akaanza kuhesabu tena, akaacha. Akainuka, akamkimbilia yule bwana.

"Samahani, mjomba. Nimekudanganya. Beji iko nyumbani. Na mama haoni vizuri."

Mama alipojua, hakumsemesha Chiriku kwa siku mbili. Siku hizo mpimaji alikagua chumba kizima. Alilaza aproni ya mama, vazi zito lenye madini ya risasi, chini ya mashine. Kwenye picha ukaonekana ufa mrefu kama kiganja, usawa wa kifua. Kioo cha kuzuia mionzi kilikuwa kimesukumwa juu darini.

"Kilikuwa kinanibana," daktari alikiri. "Na mguu wangu nausahau kwenye kanyagio la mashine hata baada ya kuona ninachotaka."

"Kila sekunde unayousahau, chumba kizima kinakula mionzi, na mgonjwa pia," mpimaji alimjibu.

Kioo kikateremshwa, aproni mpya zikaletwa. Daktari akajizoeza kukanyaga kidogo na kuachia, na wauguzi kurudi nyuma hatua mbili kila taa ilipowaka. Muuguzi wa tatu alifundishwa kazi. Mama alipumzishwa ili atibiwe, maana jicho la kushoto lilikuwa limeanza kupata mtoto wa jicho kutokana na mionzi. Daktari wa macho alisema litapona.

Siku ya kukabidhi kazi, mpimaji alimwambia mama mbele ya Chiriku, "Namba za beji yako zilituambia chumba ni salama, ndiyo maana hatukukikagua. Mwenzako naye alianza kuiacha beji yake, akikuiga wewe."

Mama aliinamisha kichwa. Walipotoka nje alimshika Chiriku bega.

"Nilidhani ninaficha jambo langu peke yangu," alisema. "Kumbe niliwafichia wenzangu hatari, na wewe nikakutwisha uongo. Usimtunzie tena mtu siri inayomdhuru, hata kama mtu huyo ni mimi."