Mwanamke Aliyeongea na Mashuka

Kila asubuhi Roseline alitandika vitanda katika hoteli moja ya Olaya, Riyadh. Alikuwa na mkono mwepesi. Akishatandika shuka, huoni hata mkunjo mmoja.

Kwenye ghorofa yake alifanya kazi na Yurani, mwanamke wa kutoka Kolombia. Kwao huko wanaongea Kihispania. Yurani alipofika, Kiingereza chake kilikuwa "yesi" na "sori", basi. Roseline alikuwa amemaliza darasa la nane kwao Ahero, Kenya. Siku zile, yeye ndiye aliyemwonyesha Yurani kwa mikono kile mgeni anachotaka.

Sasa mambo yalikuwa yamegeuka, Yurani akiongea Kiingereza kumzidi. Mgeni akitoka chumbani na shida yake, alimpita Roseline kama anapita ukuta. Alikwenda moja kwa moja kwa Yurani. Wakaongea, wakacheka. Roseline alisukuma troli yake huku roho ikimuuma.

"Na mimi ndiye nilimpokea," alijiambia. "Mimi!"

Jioni, kwenye sakani, yaani nyumba ya wafanyakazi, Roseline alitafuta dawa ya uchungu wake. Dawa ilikuwa kucheka. Yurani alitia mlio wa "e" mbele ya maneno mengi ya Kiingereza. Akitaka kusema "stop", alisema "estop". Roseline alijua kumwiga vizuri sana. Alishika kiuno, akatikisa nywele, akasema, "Estop, mista! Eslow, eslow!"

Maryann, Mkenya mwenzake pale hotelini aliyelala naye chumba kimoja, alianguka kitandani kwa kicheko.

"Rose, wewe utaniua!"

Ndivyo walivyozoea tangu shuleni. Mtu akivunja Kiingereza, anachekwa mpaka akome. Roseline aliwacheka wengi. Kwa hiyo yeye mwenyewe hakufungua mdomo ovyo. Alijua kinachomngoja.

Siku moja tangazo lilitolewa. Hoteli nyingine ya kampuni yao, iliyoko Jeddah, ilitaka msimamizi wa ghorofa. Mahojiano yangekuwa kwa Kiingereza.

Moyo wa Roseline uliruka. Mume wake, Japheth, alikuwa fundi wa viyoyozi hukohuko Jeddah. Aliishi mtaa wa Al-Hindawiyah na wanaume wenzake. Wote wawili walikuwa Saudia, lakini walionana wakati wa Idi tu, kama wageni. Akipata kazi hiyo, wangepanga chumba chao.

"Mama Griffins, hiyo ni yako," Japheth alimwambia kwenye simu. "Kazi unaijua."

"Naijua, Baba Griffins. Nani ataniweza kwa kazi?"

Siku ya mahojiano, Roseline aliingia wa kwanza. Meneja alimuuliza, "Mgeni amekuja na hasira, chumba chake hakijasafishwa. Utafanyaje?"

Jambo hilo Roseline alilifanya kila wiki. Jibu alikuwa nalo. Lakini alianza kupanga maneno kichwani. Hili liko sawa? Hili je, watalicheka? Alipanga, akapangua. Meneja alingoja. Mwishowe Roseline alisema, "Yes, madam," basi.

Yurani aliingia baada yake. Kupitia mlangoni, Roseline alimsikia akikosea. Alikosea hapa, akakosea pale. Lakini hakusimama. Meneja alisikika akicheka naye.

Yurani ndiye aliyepewa Jeddah.

"Amechukua mahali pangu!" Roseline alilia kwenye simu. "Mimi nina mume huko. Yeye ana nani?"

"Pole, mke wangu," Japheth alisema. "Lakini si umuulize alifanyaje?"

"Nimuulize? Mimi? Afadhali ninyamaze."

Lakini wivu haukumwacha anyamaze. Alijiambia kwamba Yurani ana mwalimu wa siri. Kwani kulikuwa na jambo moja. Mara nyingi alisikia sauti ya Yurani ndani ya chumba kitupu. Anaongea na nani?

Kesho yake akatega sikio mlangoni. Sauti ilikuwepo. Akasukuma mlango ghafla ili amfumanie.

Yurani alikuwa peke yake. Alikuwa ameshika shuka, akiliambia kwa Kiingereza, "Sasa ninakukunja. Sasa ninakuweka kitandani."

"Nani anakufundisha?" Roseline aliuliza kwa ukali. "Sema! Nani?"

Yurani alicheka. "Shuka. Taulo. Sabuni. Hawa ndio walimu wangu."

"Usinidanganye."

"Njoo nikuonyeshe, dada."

Yurani akaeleza polepole. Akiwa kazini, anataja kila kitu ambacho mikono yake inafanya. Hajifunzi neno moja moja. Anajifunza sentensi nzima, ile atakayoitumia leo. Akisikia mgeni anasema jambo jipya, analirudia kwa mgeni mwingine kabla jua halijazama. Asipoelewa, anaomba, "Tafadhali rudia, polepole."

"Na simu yangu nimeiweka kwa Kiingereza," alisema. "Nyumbani nachukua video fupi, moja tu. Naisikiliza mpaka naichoka. Halafu nasema pamoja na yule anayeongea. Najirekodi, nalinganisha."

"Ulianza wapi, na hukujua kitu?"

"Kihispania kina maneno yanayofanana na Kiingereza. Nilianza na hayo. Na nyinyi mnayo. Nawasikia: troli, taulo, hoteli, meneja. Lakini uwe macho. Mengine yanafanana tu, maana ni nyingine."

Roseline akauliza swali lililokuwa likimkaba. "Na ukikosea? Watu wakikucheka?"

Yurani alimtazama. "Ukuta wa sakani ni mwembamba. Estop, eslow. Nilikusikia. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikasema, kumbe kosa langu liko hapo! Nikalifanyia mazoezi. Wewe ulinifundisha bure."

Roseline alitamani sakafu imfunike. "Samahani, Yurani."

"Halas, yamekwisha. Lakini umeona? Tunaongea Kiingereza muda huu wote. Umeuliza, nimejibu. Hukupanga maneno. Hasira imekupangia."

Roseline akashika mdomo. Ilikuwa kweli.

Yurani alikwenda Jeddah. Roseline alibaki peke yake kwenye vyumba vya wageni, na akaanza kuongea na mashuka. Maryann alimfumania.

"Wee! Umekuwa Mzungu? Eti ninakukunja!"

Iliuma. Roseline akaendelea kukunja shuka. "Cheka, lakini niambie nimekosea wapi."

 Baada ya siku chache, Maryann naye akaleta simu yake. "Hebu niwekee hiyo video."

Kwa simu, Roseline na Japheth waliwekeana sharti. Kwenye chai ya jioni ni Kiingereza tu, na hakuna kuchekana. Japheth alikuwa mbovu kuliko yeye, na hilo, kusema ukweli, lilimfurahisha kidogo. Kila mara uvivu ulipomjia, alimkumbuka Yurani amekaa Jeddah, karibu na mume wa mtu. Uvivu ukatoka mbio.

Nafasi nyingine ya Jeddah ilitokea. Meneja alimuuliza Roseline habari ya mgeni mwenye hasira. Roseline alianza kuongea. Alikosea, akarudi nyuma, akajisahihisha, akaendelea. Hakusimama mpaka mgeni yule wa mfano alipotulia na chumba chake kikawa safi.

"Yalla, haya basi," meneja alisema akicheka. "Jitayarishe kwa safari."

Japheth alimpokea uwanja wa ndege wa Jeddah. Wakaenda hotelini kuripoti. Kwenye mlango wa wafanyakazi alisimama Yurani, amevaa sare ya usimamizi. Alimkumbatia Roseline. Kisha akamgeukia Japheth, akamsemesha kwa Kiingereza, haraka kama maji ya bomba. Japheth alijibu. Wakacheka wote wawili.

Roseline alisikia ule uchungu wa zamani umemchoma tena, kidogo.

Safari hii hakungoja sentensi ikamilike kichwani. Aliweka sanduku chini, akasimama katikati yao, akaingia kwenye mazungumzo kwa Kiingereza.