Waya wa Chumba cha Nyuma

Nilifika kwa dada jua linazama, begi mgongoni, ndani visanduku vitatu vya mtandao vinavyonukia upya. Kazi ya muda mfupi tu. Fundi mwingine angekesha nayo, lakini mimi si fundi mwingine. Shule niliikimbia kidato cha pili, na mwalimu wa fizikia aliyenitabiria kuchunga mbuzi alinipigia juzi mwenyewe: "Kijana, intaneti yangu imekufa." Nikaenda, nikaifufua, nikamwita "mwanafunzi wangu" mpaka nilipotoka mlangoni.

Basi ujue unasimuliwa na nani.

Dada ana mtoto mchanga, wa pili. Wa kwanza hakumaliza hata mwezi. Alilazwa mzima chumba cha mbele, akakutwa kimya. Hakuna homa, hakuna kikohozi. Pumzi tu ilikatika. Kwetu kila mtu ana maelezo yake, na maelezo yote yanaishia kwa mtu mmoja: mama mkwe wake. Yule mama hakumpenda dada tangu siku ya kwanza. Msibani hakudondosha chozi. Na msiba ulipokwisha akamhamishia dada chumba cha nyuma, chumba ambacho simu haishiki hata uibembeleze.

"Nimeweka ile kamera ndogo juu ya kitanda," dada aliniambia. "Nataka nikiwa jikoni nimwone mtoto kwenye simu. Lakini mtandao haufiki. Kila nikigeuza mgongo moyo unadunda… Mdogo wangu, huyu naye akienda, mimi namfuata."

Maneno hayo ndiyo yaliyonileta. Shemeji alikuwa zamu kazini. Mlango akafungua mama yake, yule ambaye mimi humwita Jenerali. Mrefu, mkavu, uso kama mlango uliokomewa kwa ndani.

"Shikamoo, mama."

"Umekuja kukaa au kupita?"

Shikamoo yangu ikabaki inaning'inia kama nguo iliyosahauliwa kambani.

"Nimekuja kufunga mtandao. Nyumba nzima, mama. Hata wewe utaangalia vichekesho."

"Kichekesho nimeshakifungulia mlango." Akalitazama begi. "Funga sebuleni. Funga kwenye korido. Chumba cha nyuma usikiguse."

"Kuna hazina?"

"Kuna mtoto."

"Mtoto wa dada yangu."

"Mjukuu wangu." Alisogea karibu mpaka nikamnusa. Majivu… na chuma kilicholowa. "Mdomo wako umeitangulia akili yako, kijana. Siku moja utakwenda mahali akili haifiki."

Nikacheka, nikapita.

Nikueleze kidogo, maana najua na wewe ruta yako umeificha nyuma ya televisheni halafu unalaumu kampuni. Nyumba yenye kuta nene haitoshelezwi na kisanduku kimoja. Kikubwa unakiweka pale mtandao unapoingilia, vingine unavitawanya, kila kimoja karibu na mwenzake, vinapokezana mtandao kama watu wanavyopokezana ndoo nyumba ikiungua. Kimoja kikizidiwa, vingine vinatafuta njia. Mafundi tunauita meshi. Kwenye simu yangu nauona kama ramani: kila kisanduku ni duara, na pale viwili viliposhikana, mstari.

Lakini ulinzi ndio ninaoringia. Neno la siri la kiwandani nikalifuta. Mlango wa wageni nikaufunga. Nikaamuru kila kifaa kigeni kibishe hodi kwanza, na wa kusema "karibu" awe mimi peke yangu. Mwizi wa mtandao akija nyumba ile angerudi kwao analia.

Sebuleni, kimoja. Kwenye korido, cha pili. Nikaanza kutembea na simu mkononi kupima nguvu.

Sasa, mtandao hufifia. Ndiyo tabia yake. Unapungua polepole, kama sauti ya mtu anayekwenda mbali. Pale haukufifia. Kwenye korido ulikuwa umejaa. Nikaingiza mguu mmoja chumba cha nyuma…

Sifuri.

Nikarudisha mguu. Umejaa. Nikaingiza. Sifuri. Kama umekatwa kwa wembe.

"Ndivyo kilivyo," dada akanong'ona. Mtoto alikuwa amelala kitandani, ngumi mbili ndogo juu ya kichwa kama bondia aliyeshinda. "Naenda kuchemsha maji ya kumwogesha. Usimwamshe."

"Dada, mimi nikifanya kazi hata panya hajui."

Alipotoka nikaanza kukagua kuta. Zilifunikwa kitambaa kizito kuanzia juu hadi chini, na mlango nao vilevile. Nikafunua pembeni. Nyuma yake, wavu wa shaba. Mwembamba, wa matundu madogo kama chujio la chai, umeshonwa kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa waya. Umepita ukuta hadi ukuta, ukapanda darini, ukazunguka dirisha. Kila mshono una fundo. Kila fundo limepakwa majivu.

Fundi yeyote atakwambia: wavu wa namna hiyo humeza mawimbi. Nikamwelewa Jenerali. Alikuwa amemfungia dada yangu kwenye tenga, asipige simu, asisikike, mpaka huyu naye amalizwe kimyakimya. Mchawi mwenye akili ya fundi! Nilikaribia kumvulia kofia.

Nikatoa koleo.

Nilianzia juu ya mlango. Tak. Tak. Tak… Kila fundo lilipokatika, unga wa majivu ulimwagika mabegani mwangu. La mwisho lilikuwa gumu. Nikalibana kwa mikono miwili.

Tak.

Pakatoka harufu. Maziwa yaliyochacha. Nzito, ya uvuguvugu, kama mtu amepumua usoni kwangu.

Simu ikatetemeka mkononi. *Kisanduku kipya kimepatikana. Kikubaliwe?*

Nikabonyeza ndiyo. Kidole kilishaizoea njia. Kwenye ramani likatokea duara jipya, chumba cha nyuma, kijani kibichi, likashikana na la korido. Nguvu imejaa. Nikajipongeza, nikainamia begi nirudishe koleo.

Kisanduku cha tatu kilikuwa ndani ya begi.

Kwenye boksi lake. Nailoni haijachanwa.

Nikakitazama. Nikatazama simu. Duara bado la kijani…

*Mmm… mmm… mmm…*

Mtu alikuwa anabembeleza mtoto. Sauti ya mwanamke, chini kabisa, mdomo umefumbwa. Ilitoka kwenye korido. Nikachungulia. Hapakuwa na mtu. Ilitoka kwenye kisanduku changu, pale juu ya stuli.

Vile visanduku havina spika. Nimevifungua mara nyingi. Ndani kuna bodi, antena na joto, basi.

Nikageuka kumtazama mtoto. Alikuwa macho. Hakuwa ananitazama mimi. Alitazama juu kidogo ya bega langu, anatabasamu kwa ule ufizi wake. Zile ngumi zilikuwa zimefunguka.

Kifua hakipandi.

"Da…" Sauti haikutoka. Mimi! Mimi ninayesikika mtaa mzima.

Jenerali aliingia mbio, bila viatu. Aliuona wavu unavyoning'inia. Hakunitukana. Alinipiga kofi moja, kavu, nikaona nyota.

"Umekata?"

"Nili…"

"Umekata."

Akamnyakua mtoto, akamgeuza, akampiga mgongoni. Mtoto ananing'inia, bado anatabasamu, midomo inageuka rangi. Mimi nikakimbilia kuchomoa waya. Korido, nikachomoa. Sebule, nikachomoa. Taa za visanduku vyote viwili zikafa.

*Mmm… mmm…*

Kwenye ramani, maduara mawili ya kijivu. Na moja la kijani.

Dada akatokea jikoni. Alipomwona mtoto, sufuria ikamtoka mkononi, maji ya moto yakaenea sakafuni. "Umemuua!" akamrukia mama mkwe wake. "Wa kwanza ulimuua, sasa na huyu!"

"Wa kwanza sikumuwahi!" Jenerali alisema, kwa sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. "Wavu huu niliuanza siku ile ile ya msiba. Wewe ulitaka nikae nilie? Ningeshona saa ngapi?"

Dada akamwachia.

"Ni nani?" nikanong'ona. "Mama, huyo ni nani?"

"Mlezi. Nilipoolewa nilimkuta. Mama mkwe wangu naye alimkuta. Hana ubaya… anapenda wachanga tu. Anawabembeleza mpaka wanasahau kupumua." Alikuwa anampulizia mtoto puani. "Unadhani mwanangu alizaliwa peke yake? Walikuwa wengi. Yeye nilimfunika kwa wavu."

"Mtoe basi!"

"Hatoki. Anahama tu. Na anamfuata aliyemkaribisha." Akainua macho. "Nani amemwambia karibu?"

Simu ilikuwa inaniunguza kiganja.

Nitakwambia ukweli, niliutazama mlango. Ulikuwa wazi. Miguu yangu ni mizuri kwa kukimbia. Halafu dada akasema jina langu la utotoni, lile analolijua yeye tu.

Nikafungua hotspoti ya simu yangu, nayo igawe mtandao kama kisanduku. Nikaiondolea neno la siri. Kufuli zote, hodi zote, nikatoa. Kisha kwenye ramani nikalishika lile duara la kijani kwa kidole. Lilikuwa zito. Najua hulielewi hilo, kioo ni kioo, lakini nakwambia lilikuwa zito kama ndoo ya maji. Nikaliburuta taratibu kutoka chumba cha nyuma, kupita korido, hadi kwenye simu yangu.

"Karibu," nikanong'ona. "Njoo kwangu."

Wimbo ukakatika.

Harufu ya maziwa ikanipita usoni. Shingo ikanisisimka, kama mtu ameniwekea kidevu begani.

Mtoto akavuta pumzi. Moja, ndefu, yenye kukwaruza. Halafu akalia, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa kwenye ndoto nzuri. Dada akamchukua, akaketi naye kwenye maji yale yale, hakujali.

Nikaanza kusema, "Dada, mimi…"

"Ondoka," akasema. Hakunitazama.

Jenerali alikuwa ameshashika sindano na waya, anashona. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogomadogo ambayo sikuwahi kuyaona. "Hiyo simu isizime," akasema bila kugeuka. "Ikizima hatakuwa na pa kukaa, atatafuta mchanga aliye karibu. Na hapa kwangu usikanyage tena. Ukija kwa mguu wako, nitakuua kwa mkono wangu, sitahitaji uchawi."

Kwa hiyo hapa nilipo nina betri za akiba kila mfuko. Naoga na simu kwenye dirisha la bafu. Wateja wananiona nimechomeka chaji kwao hata kabla ya salamu, wanacheka. Nawaambia fundi mkubwa hazimi simu. Umeme ukikatika, mimi ndiye wa kwanza mtaani kujua. Jioni ndiyo anaanza. Anabembeleza taratibu, mfukoni, kama mama mwenye subira. Nimeshazoea. Wengine wana wake wanaowagombeza, mimi naimbiwa. Na mtoto wa dada anakua; naambiwa na shemeji ameanza kukaa.

Chumba ninachopanga kina ukuta mmoja na jirani, dereva wa lori, na mimi ninavyochelewa kurudi sikujua hata kama mkewe alikuwa mjamzito. Jioni moja akanigongea. Nikatazama simu kwanza. Chaji imejaa. Inawaka. Nikafungua mlango nikidhani amekuja kugombana.

"Kaka," akasema kwa kunong'ona, anatabasamu, macho mekundu ya mtu aliyepata usingizi wa kwanza baada ya siku nyingi. "Nimekuja kukushukuru. Huo wimbo unaoimba jioni, tafadhali usiache. Toka tumetoka hospitali mtoto alikuwa analia mfululizo, lakini leo ameusikia, akatulia. Ametulia kabisa. Hata pumzi humsikii."